Feni Mbili na Ukuta wa Jirani

Feni zangu mbili zilifika nyumbani juu ya mkokoteni, mchana kweupe, na mtaa mzima ukatoka kuzitazama. Zilikuwa feni za kiwandani, chuma tupu, kila moja pana kama mlango, na rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka karibu yote. Msukuma mkokoteni aliziteremsha, akafuta jasho, akaniuliza kama nafungua hoteli. Nikamwambia nafungua kampuni ya kukausha nyumba za watu. Alicheka mpaka akakaa chini, na nauli yake akaidai akiwa bado anacheka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu mjini Morogoro alikuwa anafungua kitu. Aliyekuwa karani alifungua genge, aliyekuwa mlinzi akafungua kibanda cha video, na sisi tuliopunguzwa kazini siku moja tulipokutana sokoni tuliulizana, "Wewe umefungua nini?" jinsi watu wanavyoulizana habari za watoto. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na minne kwenye idara ya kukaushia vitambaa, katika kiwanda kimoja cha umma. Kilipoanza kutafutiwa mnunuzi na vifaa chakavu vikapigwa mnada, wenzangu walikimbilia cherehani na meza. Mimi nikanunua feni kwa kiinua mgongo changu. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi na mtu mpole kupita kiasi, alizizunguka mara mbili, akasema, "Ni kubwa." Akaingia ndani kusahihisha madaftari.

Jambo moja nililolijua vizuri duniani lilikuwa kukausha. Kila masika, mto ukishuka kutoka Uluguru na hasira zake, sisi wa mitaa ya chini tunaingiwa na maji. Watu huchota kwa ndoo, huwasha majiko ya mkaa vyumbani, hupaka chokaa juu ya ukuta mbichi, na baada ya wiki mbili hujisifu kwamba pamekauka. Hapajakauka! Unyevu umetoka ukutani umehamia darini, godoro la sufi limeota ukungu kwa ndani, na nyumba inanuka kama gunia la viazi lililosahaulika stoo. Kiwandani tulifundishwa kwamba maji huyafukuzi kwa moto peke yake. Unayapa njia ya kutokea, kisha unayapulizia upepo. Nikaona hiyo ndiyo kazi yangu: kutoa tope, kubandua lipu iliyonyonya maji, kufumua magodoro, na kuwasha feni mpaka ukuta ukigongwa utoe sauti kavu. Mjini kote hapakuwa na mtu aliyekuwa anaifanya kwa malipo. Nikadhani hiyo ni bahati yangu, na sikujisumbua kuuliza kwa nini.

Mume wangu ana mwandiko mzuri, ule wa ubaoni. Tulikaa mezani Jumamosi mbili akiandika matangazo kwa kalamu nene: MASIKA YANAKUJA. NYUMBA IKIINGIA MAJI, TUNAKAUSHA KUTA, SAKAFU NA MAGODORO. Chini aliweka ramani ndogo ya kufika kwetu. Nilibandika sokoni, nikabandika stendi, nikabandika kwenye mwembe wa kona. Nilipokwenda msibani Mikese nikabandika na huko, mahali ambapo maji yenyewe hununuliwa kwa ndoo. Mtu pekee aliyenifuata kwa ajili ya tangazo la Mikese alikuwa dereva wa lori aliyetaka kukaushiwa turubai. Nikamkaushia, maana siku hizo nilikuwa tayari kukausha hata mbuzi.

Tangazo la mwisho nililibandika kwa jirani. Huyu jirani inabidi nimweleze. Alikuwa mjane, Mluguru mwenzangu ila wa mjini, Mwislamu, amenizidi miaka minane hivi. Mimi nimetoka juu, upande wa Matombo, kwenye vijiji vya misheni. Idi nilikula pilau kwake, Krismasi alikula kwangu, na siku za kawaida chumvi ilivuka ua bila kuhesabiwa. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada, na shikamoo yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa yake. Nyumba yake aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Ilijengwa kwa matofali mabichi, lakini lipu yake ilikuwa laini, nyeupe, na ukuta wake mmoja ulitazamana na barabara kubwa. Ulikuwa ukuta mzuri kuliko yote mtaani. Yeye akaenda Mkuyuni siku tatu kwenye harusi ya binti wa dada yake, nami nikaona nisimngoje. Nikapaka uji wa ngano, nikabandika.

Alirudi na wageni watano wa harusini, wamebeba mikungu ya ndizi. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Nani kaiandikia nyumba yangu maji?"

Nikatoka haraka. "Ni tangazo tu, dada. La biashara."

"Biashara ya kunitakia mafuriko? Mama yangu amekufa ndani ya nyumba hii, na bibi yangu kabla yake, na ukuta huu haujawahi kuandikwa chochote. Leo wewe ndiye wa kuja kunibandikia uchuro?"

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nina ulimi unaotangulia akili, na wageni walikuwa wananitazama. Nikasema, "Maji hayasomi, dada."

Wageni wawili wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Aliibandua ile karatasi polepole, akaikunja mara nne, akanikabidhi mkononi, akaingia ndani. Kesho yake nikamwamkia shikamoo. Akaendelea kufagia uwanja.

Kwa wasiojua: kwetu, kulitaja baya kabla halijaja ni kuliita. Mimi nilikuwa nimeliita kwa mwandiko wa mwalimu, mji mzima. Habari ikatembea. Watoto wakawa wakiniona wanapiga kelele, "Huyo, mama wa mafuriko!" halafu wanakimbia. Mwenye duka aliniomba kwa adabu nisisimame mlangoni pake mawingu yakitanda. Na nilipokaa nikafikiri, nikaona kwamba biashara yangu haikuwa na siku ya kutangazwa. Kabla ya mvua, kuisema ni uchuro. Mvua ikishanyesha, majirani wote wanakuja na ndoo zao na pole zao, bure, na anayetaja malipo anaonekana hana haya. Mvua ikiisha, watu wameshapaka chokaa na wamesahau. Hakuna aliyekuwa ameiacha kazi ile kwa ajili yangu. Ilikuwa imeachwa kwa sababu zake.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeshazeeka na sina wa kumwogopa. Vuli ilipopita nyepesi, nilikuwa kila asubuhi natoka uani natazama milima, na wingu likikaa kule juu moyo wangu unafurahi. Nilitaka inyeshe. Feni mbili zilikuwa zimeziba sebule yangu, mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari kitandani kwa kukosa nafasi, na mimi nilitaka inyeshe sana.

Ikanyesha. Masika yalipofika hayakupiga hodi. Saa tisa mchana, siku ya Alhamisi, mto uliacha njia yake, ukapita katikati ya mtaa wetu na magogo, na ndala, na sufuria za watu. Kwa jirani maji yalifika magotini. Kwangu, hatua ishirini tu kutoka pale, yaliishia kwenye ngazi ya pili, kwa sababu msingi wa nyumba yangu ni mrefu. Unaweza kudhani hilo lilinisaidia. Mtaani walilisema kwa wiki nzima, kwamba maji yalimjua mwenyewe.

Kesho yake wanawake wakamiminika kwa jirani, huyu na sukari, huyu na kanga kavu, huyu na ufagio. Nami nikaenda. Lakini nilikwenda na feni juu ya mkokoteni, na waya mrefu begani, na daftari la kuandikia vipimo. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake imelowa mpaka kiunoni, mkononi ameshika picha ya mama yake iliyoviringika kwa maji.

"Wenzako wamekuja kunipa pole," akasema. "Wewe umekuja kuiuza?"

Nikageuza mkokoteni. Nililia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

Siku tatu baadaye alileta fundi, akampigia lipu mpya ya saruji juu ya ile ya zamani, akapaka chokaa, nyumba ikang'aa. Watu wakampongeza. Mimi nilikuwa kwangu nauangalia ule ukuta wa barabarani kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Siku ya tano ulianza kuota doa chini. Siku ya saba doa lilifika magotini, na lipu ikaanza kuvimba. Nilijua kinachoendelea ndani. Tofali bichi likinywa maji huwa udongo tena, na saruji ilikuwa imeyafungia maji yasitoke. Ukuta ule ulikuwa umesimama juu ya tope. Ungeanguka, na paa lingefuata, na kitanda chake kilikuwa upande huohuo.

"Ule ukuta utaanguka," nikamwambia mume wangu.

Akaweka kalamu chini. "Ukimwambia wewe," akasema, "utakuwa umeuangusha wewe."

Alisema kweli. Neno lolote kutoka mdomoni kwangu lilikuwa uchuro, hata likiwa kweli. Nikawa sili vizuri. Biashara nilikuwa nimeshaisahau. Nilichokuwa nafikiri ni kile kitanda.

Siku ya nane alikuja rafiki yangu wa kiwandani, Mnyamwezi wa Kihonda, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye siku hizo alikuwa anauza mitumba mpaka mtaani kwetu. Baba yake aliletwa Morogoro na kazi ya mkonge akabaki hapa. Nikammiminia yote, na doa, na kitanda. Akanisikiliza huku anakula mihogo yangu. Alipomaliza akapangusa mikono, akasema, "Nipe nyundo."

Nikamtazama.

"We Mluguru huwezi kumwambia Mluguru mwenzio. Mimi ni mtani. Nipe nyundo, na hiyo mihogo iliyobaki nifungie."

Nilikuwa nimepita juu ya jambo hili miezi minne bila kuliona. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akasema marehemu alikuwa mlafi, akalala pale kaburi linapochimbwa, akabeba sufuria ya wali, na haondoki mpaka apewe kitu. Humkasirikii. Ukimkasirikia wewe ndiye usiye na adabu. Kinywani mwa mtani hakuna uchuro.

Nilijibanza nyuma ya ua wangu wa mabua nikachungulia. Yeye akaingia uwanjani kwa jirani na nyundo begani, anatembea kama askari.

"Hodi! Waluguru! Mpo, au mmeelea mpaka Ngerengere?"

"Karibu, mwenye njaa," jirani akajibu kutoka ndani, na nikasikia sauti yake ikichangamka kidogo. "Leo hatujapika."

"Sijaja kula. Nimekuja kushangaa. Mtu anazaliwa mlimani, pakavu, pazuri, halafu anashuka kujenga mtoni! Mlikuwa mnamkimbia nani huko juu?"

Watu wakaanza kusogea. Jirani akatoka nje, mikono kiunoni. "Tulikuwa tunawakimbia nyie mliokuwa mnapita na mizigo ya watu mkienda pwani."

"Basi leo mzigo wenyewe ni hii nyumba. Nimekuja kuibomoa, ufe, nije kuzika, nipewe ubwabwa."

"Bomoa, kama hiyo mihogo uliyoibeba imekupa nguvu!"

Mtani hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa barabarani, akapiga pale palipovimba. Pigo la kwanza watu wakashangilia. Pigo la pili kipande cha lipu, kikubwa kama sinia la pilau, kikaanguka chote kwa pamoja, na tope likachuruzika kutoka ndani ya ukuta kama uji. Shangwe ikakatika. Hata mtani mwenyewe akashusha nyundo. "Mtani," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "nyumba yako imeoza miguu."

Jirani akasogea. Akauweka mkono pale palipofunuka, akasukuma kidole. Kiliingia mpaka kwenye fundo la pili. Alikaa hivyo, kidole ndani ya ukuta wa mama yake. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kufika mbali:

"We mwenye uchuro! Hapo nyuma ya ua, naiona kanga yako. Lete hayo mafeni yako."

Nilikimbia nikaacha ndala moja.

Tulifanya kazi siku kumi na mbili. Mume wangu alileta nguzo tukategemeza paa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitoa amri. Tulibandua lipu ndani na nje, tukatoa matofali yaliyolainika moja moja na kuweka ya kuchoma mahali pake, kidogo kidogo, ukuta usishtuke. Feni tuliziweka kwa pembeni, zipulize kando ya ukuta, zisiukabili. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo siku nyingine tulikaa tukitazamana na feni mpaka saa kumi. Magodoro tuliyafumua, tukaanika sufi kwenye mikeka, upepo ukaipeleka mpaka dukani kwa yule bwana wa mawingu. Siku zote hizo jirani aliongea nami kazi tu. Shika hapa. Sogeza. Chai hiyo, kunywa. Sikulalamika, kwa sababu alikuwa anaongea.

Na mtani, bila kuombwa, akawa idara yangu ya matangazo. Alipita mtaa kwa mtaa anatukana kuta za watu, nami nyuma yake kimya na daftari. "Nyie mmejenga nyumba au kisima?" "Bibi, humu chumbani kwako unafuga kambale?" Watu walicheka, kisha walinyamaza, kisha wakaniuliza mimi taratibu kama kweli ule ukuta una maji. Kazi ikiisha, yeye ndiye aliyekaa kwenye kizingiti akikataa kuondoka mpaka tupewe chetu, na kwake haikuwa aibu, ilikuwa desturi. Katika wiki hizo tulikausha nyumba saba, duka moja la vitenge, na stoo ya madaftari ya shule ya mume wangu. Tangazo la karatasi sikubandika tena maishani.

Siku ya kumi na tatu niligonga ukuta wa jirani kuanzia kona mpaka kona, na wote ukaitikia kwa sauti kavu. Nikamwita naye agonge. Aligonga, akaweka sikio, akagonga tena. Kisha akaleta chai ya tangawizi tukakaa barazani kwake, sisi wawili tu, mara ya kwanza tangu ile harusi. Mlimani wingu lilikuwa limekaa. Tulilitazama wote wawili, na ndipo akauliza.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu, na usinidanganye, kwa sababu nitakuona usoni. Uliomba mvua?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema Mungu ndiye mwenye mvua, na ingekuwa kweli pia. Nilitazama ule ukuta, na mahali pa matofali mapya ambapo lipu ilikuwa bado haijapigwa.

"Niliomba, dada."

"Wapi?"

"Kanisani. Jumapili tatu."

"Nyingi?"

"Sikutaja kiasi."

Akaweka kikombe chini. Nilijua kwamba akinyanyuka kuingia ndani, nitaziuza zile feni kesho yake, na hata ukuta wa mtu mwingine sitaugusa tena. Alilitazama lile wingu mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akainua birika, akanimiminia nyingine juu ya ile iliyopoa.

"Mwakani ukitaka kuomba," akasema, "pita kwanza hapa kwangu. Nipandishe godoro juu ya meza."

Nikamwambia nitapita. Nilipita mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo, nikishika upande mmoja wa godoro na yeye upande mwingine, kila masika mpaka alipofariki.